Magofu ya kanisa la Ngongo Mbata: udongo unawashuhudia waliohama

Familia iliyokimbia vita, iwe imefikia Kasuku au kwingine, hujiuliza: nyumba ikianguka na majani yakiota, nani atajua kama watu waliishi pale? Jibu moja liko mbali na Maniema, kunako jimbo la Kongo-Central, karibu na mpaka wa Angola. Mahali penyewe panaitwa Ngongo Mbata.

Zamani palikuwa mji wa ufalme wa Kongo, kwenye njia ya wafanyabiashara waliotoka pwani kwenda upande wa mto Kwango. Ukristo uliingia mapema katika ufalme huo. Mfalme Nzinga a Nkuwu alibatizwa mwaka 1491. Katika karne ya 17, Ngongo Mbata ilikuwa na kanisa la mawe. Kisha vita viliuvuruga ufalme. Mfalme António wa kwanza aliuawa katika vita vya Mbwila, tarehe 29 Oktoba 1665, na wakuu wakaanza kupigania kiti chake. Hata Mbanza Kongo, mji mkuu, uliharibiwa mwaka 1678 na watu wake wakatawanyika. Ngongo Mbata nayo baadaye ikabaki bila watu.

Mwaka 1938 wamisionari walichimba magofu hayo. Walitafuta kaburi la mtu mmoja: padri Joris van Geel, Mkapuchini aliyekufa mwaka 1652 baada ya kupigwa na wanakijiji aliowachomea vitu vyao vya kimila. Ndani ya kanisa walikuta makaburi ya watu wengi.

Kuanzia mwaka 2012, watafiti wa mradi wa KongoKing wa Chuo Kikuu cha Gent, Ubelgiji, walirudi pale pamoja na Wakongomani. Hawa walitaka kuujua mji mzima, siyo kaburi moja. Kati ya vitu walivyopata kuna vipande vya vyungu na viko vya udongo vya kuvutia tumbako. Tumbako asili yake ni Amerika, lakini viko hivyo vilifinyangwa na Wakongo wenyewe na kupambwa kwa nakshi zao. Hakuna padri aliyeandika majina ya wafinyanzi hao. Kazi ya mikono yao ndiyo iliyowatolea ushahidi.

Anayetembelea mahali panapochimbwa haoni haraka. Udongo huondolewa tabaka kwa tabaka, huchekechwa, na kila kitu huandikwa kimetoka wapi na kwa kina gani. Kiko kilichookotwa na kutiwa mfukoni ni kitu kizuri tu. Kikiachwa mahali pake, kinaonyesha nani aliishi pale na wakati gani.

Maniema nayo ina mahali pake. Upande wa Kasongo kuna Tongoni, mji wa Tippu Tip na Waungwana, ulioangukia mikononi mwa askari wa Dhanis mwezi wa Aprili 1893. Jina lenyewe linasema: tongo ni mahali palipohamwa. Watafiti wamechimba huko pia, na kuwasikiliza wazee. Maana udongo hutunza chungu, lakini jina la aliyekipikia linatunzwa na familia yake. Wazazi waliohama wawatajie watoto kijiji, mto na makaburi ya mababu, wangali wanayakumbuka.