Kutoka Telegrafu hadi Kadi ya Mlangoni

Mwaka 1874 Émile Baudot, mtumishi wa idara ya telegrafu ya Ufaransa, alisajili mtambo uliotuma kila herufi kwa alama tano za umeme zilizofuatana katika waya mmoja. Mtumaji alibonyeza vitufe vitano, viwili kwa mkono wa kushoto na vitatu kwa wa kulia, akifuata mdundo wa mtambo wenyewe. Akipitwa na mdundo, herufi imeharibika. Tena mitambo ya miji miwili ilipaswa kuzunguka sawasawa wakati wote, na hapo ndipo palipokuwa na kazi.

Ufumbuzi ulitoka Chicago mwanzoni mwa karne ya 20, kwa Charles Krum na mwanawe Howard. Howard alitambua kwamba mitambo miwili haina haja ya kwenda sawa kutwa nzima. Inatosha iende sawa kwa muda wa herufi moja. Basi kila herufi ikatanguliwa na ishara ya kuanza, ikafungwa kwa ishara ya kukoma. Mtambo unaopokea hutulia hadi ishara ya kuanza ifike, huhesabu alama zake, kisha hutulia tena. Kasi zikitofautiana kidogo, kosa halipati muda wa kukua. Kwangu mimi, hili ni wazo kubwa kuliko mashine nyingi zilizosifiwa katika karne ile.

Kompyuta zilipohitaji kuzungumza na vifaa vya nje, zilirithi utaratibu huo. Kanuni ya RS-232, iliyotolewa Marekani mwaka 1960, ilipanga volti zake: hasi kwa moja, chanya kwa sifuri.

Kabla ya hapo jambo jingine lilikuwa limeanza kukua hewani. Mwaka 1945 watoto wa Kisovieti walimkabidhi balozi wa Marekani mjini Moscow nembo ya mbao iliyochongwa kwa ustadi. Ndani yake mlifichwa kinasa sauti alichokibuni Leon Theremin, kisicho na betri wala waya. Kilifanya kazi pale tu kilipomulikwa na mawimbi ya redio kutoka nje, na hakikugunduliwa hadi mwaka 1952. Harry Stockman alikuwa amekwisha kuchapisha, mwaka 1948, makala yake juu ya mawasiliano kwa mawimbi yanayoakisiwa. Mwaka 1973 Charles Walton akapata hataza ya kadi ya kufungulia mlango kwa redio.

Njia hizo mbili zinakutana ndani ya kisomeo kidogo cha mlangoni. Chukua kadi ya kawaida ya kilohezi 125, ya aina ya EM4100. Koili ya kisomeo huipa umeme kupitia hewani, nayo kadi hurudia biti zake 64 bila kukoma: tisa za mwanzo za kuamsha usikivu, 40 za namba yenyewe, zilizobaki za kuhakiki na kufunga. Kisomeo hugeuza namba hiyo kuwa herufi kumi, huongeza mbili za kukagulia na alama chache za mwanzo na mwisho, kisha huituma kwa kompyuta biti moja baada ya nyingine. Ujumbe wa herufi 16, kwa kasi ya biti 9,600 kwa sekunde, huisha katika sehemu moja ya 60 ya sekunde. Kila herufi ina ishara yake ya kuanza na ya kukoma, vilevile kama ya Krum. Hata visomeo vingi vinavyochomekwa kwa USB hujitambulisha kwa kompyuta kana kwamba ni waya ule wa zamani wa RS-232.

Lakini herufi zile mbili za kukagulia hugundua kosa la njiani tu, mwizi hazimtambui. Kadi ya aina hii hutoa namba yake kwa kisomeo chochote kinachoikaribia, na namba hiyo huandikwa kwenye kadi nyingine kwa dakika chache. Kama stoo au chumba cha kumbukumbu cha ofisi yako kinalindwa na kadi ya namna hiyo peke yake, weka kufuli la pili.