Mukwa Ulijua Fizikia Kabla ya Jim

Ingia jim yoyote hapa Nyeri mjini, ya ghorofani ama ile ya mabati, utasikia kochi akipiga kelele: "Chuma karibu na mguu!" Unatii, mgongo unapona. Ila muulize kwa nini, wengi watakuambia ndivyo inavyofanywa tu.

Sababu ni hesabu ya kidato cha pili. Kilo 30 zinavutwa chini kwa nguvu ya nyutoni 300 hivi. Zishike sentimita 20 mbele ya kiuno, mgongo unapambana na 300 mara mita 0.2, yaani 60. Zisogeze hadi sentimita 40, inakuwa 120. Kilo hazijaongezeka hata moja, lakini umeujibebesha mgongo mara mbili.

Sasa, hesabu hii ilifanyiwa kazi huku Mlima Kenya kabla ya jim yoyote kufunguliwa, na waliokuwa wakiifanya ni wanawake. Mukwa ni ukanda wa ngozi unaopita kwenye paji la uso na kushikilia kuni mgongoni. Mzigo unabana mwili, mbebaji anainama mbele mpaka uzito wote ushukie juu ya nyayo zake, mikono inabaki huru. Chuma karibu na mguu, ndiyo hiyo hiyo.

Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Geoffrey Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi, pamoja na C. Richard Taylor wa Harvard na wenzao. Walipima oksijeni inayotumiwa na wanawake wa Kikuyu waliobeba kwa ukanda, na wa Kiluo waliobeba kichwani. Mpaka asilimia 20 ya uzito wa mwili, matumizi hayakupanda. Mzigo wa bure! Mwaka 1995 Norman Heglund na wenzake wakaeleza kwa nini: tunapotembea mwili hupanda na kushuka kama pendulamu, na kila hatua nishati kidogo hupotea. Hawa wanawake, wakiwa na mzigo, walipoteza kidogo zaidi kuliko sisi wengine.

Hapo ndipo watu wa mtandaoni hukatia hadithi. Wanaposti "shosho zetu walikuwa mashujaa", moto, misuli, imeisha. Mimi hiyo inanikera. Hebu tupige hesabu. Mwanamke wa kilo 60, asilimia 20 yake ni kilo 12. Mtungi wa lita 20 wa maji ni kilo 20, na bado hujaupima mtungi wenyewe. Ule mzigo wa bure umeisha kabla mtungi haujajaa, na kuni zinazotosha jikoni kwa siku kadhaa zinapita hapo mbali sana. Wanawake wa utafiti ule waliweza kubeba hata asilimia 70, lakini kila kilo baada ya zile za kwanza walizilipia.

Tena barakoa ya oksijeni haipimi shingo. Haipimi ule mfereji ambao mukwa uliwaachia akina shosho kwenye paji la uso. Na mwaka 2010 Ray Lloyd na wenzake walipima wanawake Afrika Kusini, hawakuona huo mzigo wa bure kwa kila mtu. Jim mimi nina siku ya kupumzika miguu. Shosho alikuwa na siku gani? Na wanaume wa boma, mukwa haukuwa wao. (Msinirushie mawe, waulizeni wazee.)

Kitabu cha fizikia kinasema ukitembea na mzigo barabara tambarare bila kuuinua, hujaufanyia kazi yoyote. Mwili haujasoma hicho kitabu. Unalipa kwa kila kilomita.

Ndiyo maana kwangu mtu aliyeelewa mukwa vizuri kuliko wote ni Wangari Maathai, mzaliwa wa Ihithe, Nyeri, 1940. Wanawake wa mashambani walipolalamika kwamba kuni zimekuwa mbali, hakuwasifia shingo. Mwaka 1977 alianzisha Green Belt Movement, wakapanda miti karibu na nyumbani. Kilo zilibaki zilezile, kilomita ndizo zilipunguzwa.

Kama shosho wako bado ana ile alama, usimuulize alibeba kilo ngapi. Muulize kuni zilikuwa wapi.