Rivolva ya "vita vya Tanga"

Leo tuongee bastola.

Jamaa yangu anayeishi Birmingham alionyeshwa rivolva ya kijeshi na muuza vitu vya kale. Imeshaharibiwa kisheria isiweze kufyatua, na hati zake zipo. Ila bei ilikuwa juu kwa sababu moja: eti ofisa wa Kiingereza alikuwa nayo kwenye mapigano ya Tanga, Novemba 1914. Jamaa kwao ni Tanga, kwa hiyo moyo ulimdunda. Akanitumia picha na swali: hii ni ya kweli?

Hayo ni maswali mawili. Je, bastola ni halisi? Na je, hadithi yake ni ya kweli?

Tuanze na chuma. Ubavuni, upande wa kushoto, pamechapwa WEBLEY, MARK VI na mwaka 1917. Kuna alama ya mshale, yaani mali ya serikali ya Uingereza. Namba ya kwenye fremu ndiyo ya kwenye silinda, kwa hiyo silinda haikuazimwa kwa bastola nyingine. Herufi nazo nilizikagua moja moja. Mafundi wa Darra Adam Khel, Pakistan, wamenakili silaha za Kiingereza kwa miaka mingi, na chapa ndiyo huwaumbua: utakuta N imegeuka, au alama ya Malkia Victoria pamoja na mwaka ambao alishafariki (alikufa 1901). Hapa sikuona kitu cha namna hiyo.

Halafu kuna risasi. Webley hii ilitengenezewa risasi za .455. Nyingi zilizouzwa Marekani zilipunguzwa silinda kwa nyuma ili zipokee .45 za huko. Hii haijaguswa. Kwa chuma, sina ugomvi.

Sasa hadithi. Jeshi la Uingereza lilipitisha Mark VI mwezi Mei 1915. Waingereza walishuka Tanga tarehe 2 Novemba 1914 na tarehe 5 walikuwa wanakimbilia melini. Hata tukiusahau huo mwaka 1917, aina yenyewe ilikuwa haijaingia jeshini! Angesema ni Mark IV au Mark V ningemsikiliza. Mpini wa hizo umepinda kama mdomo wa kasuku, wa Mark VI umekatwa mraba.

Alipoambiwa hivyo, muuzaji akabadili wimbo: basi labda ilifika baadaye. Inawezekana. Vita viliendelea huku kwetu hadi Novemba 1918, Lettow-Vorbeck alipojisalimisha Abercorn, leo Mbala, Zambia. Lakini "inawezekana" si ushahidi. Mshale hausemi kama bastola ilipelekwa Afrika Mashariki, Ufaransa au Mesopotamia. Anayetaka alipwe kwa ajili ya Tanga alete barua ya ofisa, au picha, au hati yenye namba hiyo.

Mtauliza, kwa nini nakazania chuma cha mtu? Kwa sababu kila hadithi ya namna hii inamweka ofisa mmoja na bastola yake katikati, na wengine wanafutika. Pale Tanga kikosi cha watu 8,000 hivi kilichotoka India kilichapwa na watu 1,000 hivi wa Lettow-Vorbeck, wengi wao askari Waafrika, kikaacha nyuma bombomu 16. Na katika vita vyote, makadirio ya wapagazi waliokufa upande wa Waingereza peke yake yanapita 90,000. Jina Kariakoo tunalolitaja kila siku Dar limetokana na hao, Carrier Corps. Nani anauza kumbukumbu zao Birmingham?

Kwa hiyo ukiletewa kitu cha kale, soma chapa kabla hujasikiliza hadithi. Na kama kwenu kuna medali au karatasi ya babu aliyekuwa askari au mpagazi, ipige picha wiki hii. Nyuma ya picha andika jina lake, kijiji chake na nani aliyekusimulia. Bila hivyo, wajukuu zako watasimuliwa na muuzaji.