Bibi wa Kahawia wa Raynham Hall

Bibi wa Kahawia ni mzuka unaosimuliwa katika Raynham Hall, jumba la karne ya 17 huko Norfolk, Uingereza. Jina limetokana na gauni la rangi ya kahawia analoonekana nalo. Husemekana ni Dorothy Walpole (1686–1726), dada wa mwanasiasa Robert Walpole na mke wa pili wa Charles Townshend, mwenye jumba. Masimulizi hudai mumewe alimfungia ndani hadi kufa. Lakini kumbukumbu za wakati ule zataja ndui kuwa chanzo cha kifo chake.

Sifa zake zilienea duniani kwa picha iliyopigwa tarehe 19 Septemba 1936. Kapteni Hubert Provand na Indre Shira walikuwa wakipiga picha za jumba kwa ajili ya jarida la Country Life. Provand alikuwa amejifunika kitambaa nyuma ya kamera. Shira akaona umbo kama la mtu mwenye shela likishuka ngazi, akapiga kelele, na taa ikamulika. Bamba liliposafishwa, wingu jeupe lenye umbo la mwanamke lilikuwa juu ya ngazi za mwaloni. Jarida liliichapisha Desemba mwaka huo.

Mtafiti Harry Price hakuona dalili za ughushi. Wakosoaji hutaja picha mbili kupandana kwenye bamba moja, mwanga kupenya ndani ya kamera, au lenzi kupakwa mafuta. Maelezo ya kupandana ndiyo yenye nguvu zaidi.