Vipande vya Nguo katika Daftari za London

Wasikilizaji, leo tutazungumza habari za nyumba moja ya sadaka katika mji wa London, iliyowalisha na kuwavika watoto maskini kwa muda wa miaka zaidi ya 200. Sifa zake ni nyingi, wala hatuzikatai. Lakini ndani ya daftari zake mna jambo ambalo wenye nyumba hawakulikusudia, nalo ndilo tutakalolikalia zaidi.

Mwenye kuianzisha alikuwa Thomas Coram, nahodha na fundi wa merikebu. Alikaa miaka kadhaa Marekani akiunda vyombo, kisha akarudi kwao Uingereza. Kila alipokwenda mjini alfajiri, na kila aliporudi jioni, aliona watoto wachanga wametupwa kando ya njia, wengine wangali hai, wengine wamekwisha kufa. Akawaendea wakubwa kuwaomba ijengwe nyumba ya kuwapokea. Wengi walimkatalia, wakisema kwamba kumlea mtoto wa nje ya ndoa ni kuwapa watu ruhusa ya kuzini. Ajabu kuyasikia hayo kwa watu waliokuwa wakijaa makanisani kila Jumapili! Nahodha hakuchoka. Alihangaika miaka 17, hata mabibi wa jamaa kubwa wakatia sahihi zao katika ombi lake, na mwaka wa 1739 Mfalme George wa Pili akampa hati. Usiku wa tarehe 25 Machi 1741 mlango ulifunguliwa, na watoto 30 wakapokelewa mpaka nafasi ikaisha. Kina mama wengine walirudishwa wakilia. Baadaye ikawa kupigiwa kura: mama hutia mkono mfukoni na kutoa tufe dogo, likiwa jeupe, mtoto wake hupokelewa, na likiwa jeusi, humbeba akaenda zake.

Sasa sikilizeni yaliyofanyika kwa mtoto aliyepokelewa. Karani alikuwa na karatasi iliyochapwa majina ya nguo za kitoto, kofia, gauni na nyinginezo, naye aliandika kila alichokuja nacho mtoto mwilini. Kisha mtoto alivuliwa vile vitambaa vyake akavikwa nguo za nyumba. Alipewa nambari, akabatizwa kwa jina jipya, akapelekwa shamba kwa mama wa kumnyonyesha. Alipofika umri wa miaka mitano hivi alirudishwa mjini, akavaa sare ya sufu ya rangi ya hudhurungi yenye mapambo mekundu. Wavulana wengi walitayarishwa kwa kazi za baharini, na wasichana walifundishwa kushona na kazi za nyumbani. Nguo zile zilikuwa nzima na zenye joto. Lakini kila aliyewaona walipopita njiani alijua ni watoto wa nani, yaani, si wa mtu.

Tena wema ule ulipata msiba. Mwaka wa 1756 Bunge lilitoa fedha kwa sharti kwamba asikataliwe mtoto hata mmoja. Kwa muda usiotimia miaka minne waliletwa watoto karibu 15,000, na yapata theluthi mbili yao walikufa. Walezi wa kunyonyesha hawakutosha, na wengi wa watoto walifika hali zao mahututi.

Basi, turudi mlangoni. Wenye nyumba waliwaambia kina mama waache alama, ili mtoto aweze kutambulikana ikiwa siku moja mama ataweza kumchukua. Wengi wao hawakujua kuandika, wala hawakuwa na fedha wala kipuli. Walikuwa na nguo tu. Hivyo kilikatwa kipande cha mkono wa gauni, au utepe, au kitambaa chenye maua yaliyochapwa, kikabanwa kwa pini juu ya karatasi ya mtoto. Wanawake wa pwani yetu wataelewa mara moja, maana mwenye kanga yake huijua kati ya mia zilizoanikwa. Vipande zaidi ya 5,000 vimehifadhiwa hata leo katika nyumba ya kumbukumbu ya London, na wataalamu wa historia wanasema hakuna mahali pengine Uingereza penye nguo nyingi namna hiyo za watu wa kawaida wa karne ile. Nguo za matajiri zilitunzwa makabatini. Za maskini zilivaliwa mpaka zikaisha, isipokuwa hizi.

Toka mwaka wa 1741 mpaka 1760 waliletwa watoto 16,282. Waliorudiwa na wazazi wao walikuwa 152.

Mwezi wa Februari 1767 mama mmoja alileta mtoto wa kiume. Aliacha kipande kilichoungwa kwa viraka vya nguo mbalimbali, kikatariziwa moyo, na moyo ule ukakatwa katikati. Nusu ilibaki katika daftari, na nusu aliondoka nayo. Nyumba ilimbatiza mtoto kwa jina jingine, ikamlea miaka minane. Mwaka wa 1775 mama yule alirudi, akapewa mwanawe.