Kadi ya Kliniki Haivuki Ziwa

Mada yetu wiki hii inamhusu mama mjamzito wa vijijini katika Mkoa wa Mwanza na visiwa vyake. Ipo lawama ya siku nyingi kwamba mama huyu hapendi hospitali. Historia haikubaliani na lawama hiyo.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, Serikali ilielekeza nguvu vijijini. Kuanzia mwaka 1972 mkazo uliwekwa kwenye zahanati na vituo vya afya, na mwaka 1974 huduma ya mama na mtoto ikawa mpango wa taifa. Akina mama waliitikia. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015/16 ulionyesha kuwa wajawazito 98 kati ya kila 100 nchini walihudhuria kliniki angalau mara moja. Lakini katika kila uzazi 100, ni 63 tu uliofanyika katika kituo cha huduma.

Je, mama aliyefika kliniki mchana, kwa nini alizalia nyumbani usiku?

Kwanza ni njia. Kliniki ina siku yake. Uchungu hauna miadi. Tena zahanati haina damu wala chumba cha upasuaji. Hospitali ya Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971, iko Mwanza mjini. Mama wa Sengerema aliyepewa rufaa huko alingoja kivuko cha Busisi. Wa Ukara alivuka maji mara mbili: kwanza hadi Ukerewe, kisha kutoka Nansio hadi Mwanza. Damu inayomtoka mzazi haingoji kivuko.

Pili ni fedha. Uchangiaji wa gharama ulipoanza mwaka 1993, wajawazito walisamehewa. Nauli haikusamehewa, na wengi waliendelea kuambiwa waje na glovu, wembe na khanga. Asiyekuwa navyo aliona haya, akabaki kwa mkunga wa jadi aliyempokea kwa maneno mema.

Tatu ni uamuzi. Katika nyumba nyingi mama haondoki mpaka mume au mama mkwe aseme. Mume akiwa ziwani usiku akivua dagaa, nani atatoa fedha ya boti?

Maendeleo yapo, tusiyabeze. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulikuta uzazi 81 kati ya 100 umefanyika vituoni, na vifo vya uzazi vimeshuka kutoka 556 hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000. Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilometa 3, lilifunguliwa. Wa Sengerema sasa hangoji kivuko.

Lakini Ukara haina daraja. Huko, kijiji kijue boti ya dharura ni ipi na nani analipia mafuta. Akina baba waweke akiba tangu mwezi wa kwanza. Wauguzi nao wampokee mzazi kwa lugha ya utu. Mimba ni ya watu wawili; hatari yake isiachwe kwa mmoja.