Taa za Barabarani na Giza la Ziwa: Historia Fupi ya Mwanga wa Bujumbura

Msamiati wa taa katika lugha yetu ni hazina ambayo sisi walimu hatujaichimba vya kutosha. Neno taa lenyewe linafanana na itara la Kirundi. Kandili na fanusi tumeyapata kwa Waarabu. Kibatari na koroboi ni taa za mnyonge, zenye utambi na kopo la mafuta. Na karabai, taa ya kupigwa pampu, kwa wakazi wa mwambao wa Ziwa Tanganyika ni chombo cha kazi kabla ya kuwa chombo cha nyumbani. Katika orodha hiyo sasa imeingia taa mpya, ambayo wengine huiandika kwa herufi tatu kubwa na wengine huitamka ledi. Katika makala haya tutaiita taa ya ledi. Tunakusudia kueleza jinsi mji wa Bujumbura ulivyopata mwanga wake, na jinsi taa hiyo mpya, kwa umbo na kwa rangi yake, inavyoweza kuutunza au kuuharibu usiku wa mji huo.

Yafaa tuanze majini, kwa kuwa huko ndiko mwanga ulikokuwa na thamani ya fedha kabla ya kufika barabarani. Wavuvi wa Tanganyika wamevua ndagala, ambao jirani zetu wa Kigoma huwaita dagaa, kwa kuwamulika usiku. Zamani walitumia mienge ya kuni au matete. Baadaye ikaja karabai, na katika miaka ya 1950 Wagiriki waliokuwa wakikaa Usumbura wakaleta nyavu kubwa za kuzungusha, zilizovutwa na meli zenye mitumbwi ya taa. Uvuvi huo mkubwa ulififia upande wa Burundi mwanzoni mwa miaka ya 1990, lakini ule wa mitumbwi ya kufungwa pamoja umebaki. Mtu aliyesimama ufukoni usiku usio na mwezi huona taa zimetanda ziwani mfano wa mji mwingine, na nyuma yake taa za Uvira chini ya milima ya Kongo.

Sasa, mvuvi huyo ana kanuni moja ambayo hakufundishwa na mhandisi yeyote: mwezi ukiwa mpevu, hupumzika. Mbalamwezi ikienea juu ya maji, taa yake hupungua nguvu ya kuwavuta samaki, kwa kuwa samaki hawaoni tena tofauti kubwa baina ya mahali penye taa na mahali pasipo taa. Mafuta yatateketea bure. Kwa maneno mengine, mvuvi anajua kwamba taa hufanya kazi kwa hisani ya giza. Wataalamu wa miji mikubwa ya dunia wamelifahamu jambo hilo kwa gharama kubwa.

Turudi nchi kavu. Usumbura ulianza kuwa kituo cha kijeshi cha Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19, ukachukuliwa na Wabelgiji mwaka 1916, ukawa makao makuu ya Ruanda-Urundi, na mwaka 1962, nchi ilipopata uhuru, ukaitwa Bujumbura. Umeme wa kutegemewa ulifika mwishoni mwa miaka ya 1950, kutoka katika maporomoko ya mto Ruzizi karibu na Bukavu. Kama ilivyokuwa desturi ya miji ya kikoloni, sehemu za Wazungu zilitangulia, na mitaa ya Waafrika ikangoja. Buyenzi, mtaa ambao Kiswahili kimekuwa lugha ya nyumbani kwa vizazi kadhaa, uliendelea kujua vizuri harufu ya mafuta ya taa. Baada ya uhuru kilijengwa kituo cha Mugere, kisha Rwegura mwaka 1986 chenye uwezo wa megawati 18, na mwaka 1989 Ruzizi ya Pili, iliyomilikiwa kwa ushirika na Burundi, Rwanda na Zaire ya wakati huo. Vita vilivyoanza mwaka 1993 vilikwamisha mengi, na kwa miaka mingi mji ukawa unakua huku umeme haukui. Hata kufikia mwaka 2020, katika kila Warundi kumi ni mmoja tu, au kuzidi kidogo, aliyekuwa na umeme.

Kwa hiyo giza la Bujumbura halikuwa giza la kuchaguliwa, na tusilipambe kwa maneno matamu. Mama anayerudi kutoka sokoni saa moja ya usiku hahitaji kuhubiriwa uzuri wa nyota. Anahitaji kuuona mfereji ulio wazi kabla hajatumbukia, na kumtambua mtu anayemjia. Isitoshe, huu ni mji ambao viboko huweza kutoka ziwani usiku wakatembea barabarani! Hoja yetu si kwamba taa zipunguzwe mahali ambapo hazijafika bado. Tunauliza ni taa ya namna gani ifikishwe huko.

Hapo hapana budi kuieleza ledi yenyewe. Ni kipande kidogo kinachotoa mwanga umeme unapopita ndani yake, pasipo utambi wala waya wa kuwaka. Ledi nyekundu ilitengenezwa na Mmarekani Nick Holonyak mwaka 1962, mwaka ule ule wa uhuru wa Burundi. Lakini nyekundu haikutosha kuangazia njia. Ilikosekana ya buluu, na hiyo ilipatikana kwa nguvu ya kutosha katika miaka ya 1990 kwa juhudi za Wajapani Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, waliotunukiwa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014. Mwanga mweupe tunaouona katika taa nyingi za ledi kwa kweli ni wa buluu uliopitishwa katika unga maalumu unaotoa rangi ya manjano; rangi hizo zikichanganyika, jicho huona weupe.

Asili hiyo ya buluu ndiyo chanzo cha tatizo. Mwanga wa buluu hutawanywa na hewa kuliko ule wa manjano au mwekundu, ndiyo maana mbingu ya mchana ni ya buluu. Taa za zamani za sodiamu, zile zenye rangi ya chungwa, zilikuwa na buluu kidogo sana. Ledi nyeupe sana inapofungwa badala yake, na hasa ikielekezwa vibaya, sehemu ya mwanga wake hupanda na kutandaza utando mweupe juu ya mji. Huo ndio uitwao uchafuzi wa mwanga. Rangi ya taa hupimwa kwa kelvini: taa ya kelvini 3000 au pungufu ina umanjano wa kandili, na ile ya 5000 ina weupe mkali. Mwaka 2016 chama cha madaktari wa Marekani kilishauri taa za barabarani zisizidi kelvini 3000, kwa ajili ya macho na usingizi wa watu. Ufaransa nayo, kwa amri ya Desemba 2018, iliweka kikomo hicho hicho kwa taa nyingi za nje.

Umbo nalo lina neno. Balbu ya zamani ilitupa mwanga pande zote, na ile iliyofunikwa kwa tufe la kioo ilimulika popo kama ilivyomulika wapita njia. Ledi, kinyume chake, hutupa mwanga upande mmoja, kwa hiyo yaweza kuelekezwa chini kabisa na kuvishwa kofia isiyoruhusu hata mshale mmoja kwenda juu. Los Angeles ilibadilisha taa zipatazo 140,000 kati ya mwaka 2009 na 2013, na gharama ya umeme ikashuka sana. Ingetarajiwa, basi, kwamba mbingu za dunia zingerudi kuwa nyeusi. Haikuwa hivyo. Kwa kuwa taa imekuwa rahisi, watu wamefunga nyingi zaidi. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2023, uliotegemea maelfu ya watu wa kawaida waliohesabu nyota, wengi wao Ulaya na Amerika ya Kaskazini, ulionyesha kuwa kati ya mwaka 2011 na 2022 mng'ao wa mbingu uliongezeka kwa takriban asilimia 10 kila mwaka.

Jirani zetu wa Kenya wana taa kubwa juu ya milingoti mirefu, ambazo wananchi wamezipa jina la mulika mwizi. Jina hilo ni tamu, lakini linafichua fikra: kwamba taa bora ni ile kali na ya mbali. Walakini taa kali machoni huzaa kivuli kizito nyuma ya ukuta, na mwizi hupenda kivuli. Taa ndogo nyingi, za chini, zenye kofia, humfaa zaidi yule mama wa sokoni.

Kwa walimu, hasara ya pili ni ya lugha. Methali isemayo Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua tunaifundisha kama fumbo, ilhali ilikuwa kalenda ya mkulima, na jina la Kilimia limetokana na kulima. Mwanafunzi asiyeweza kukiona kile kishada cha nyota hubaki na maneno matupu. Bujumbura, tofauti na Nairobi, bado anaweza kuonyeshwa.

Lakini si kwa muda mrefu, tukizingatia megawati zinazokuja. Rusumo, mradi wa megawati 80 wa Burundi, Rwanda na Tanzania, umekwisha kujengwa. Jiji na Mulembwe ulikusudiwa kutoa megawati 49.5. Ziwani mabadiliko yalitangulia: upande wa Kigoma wavuvi wengi wamekwisha kuacha karabai na kushika ledi. Viumbe vidogo vya majini wanavyokula ndagala hupanda juu usiku na kushuka chini mchana kwa kufuata mwanga. Ufuko wote ukiwashwa taa nyeupe zinazotazama maji, utakuwa ni mwezi mpevu usiotua. Ni vyema basi wanaoagiza nguzo za barabara za ufukoni wawaulize wavuvi kabla ya kutia sahihi, na waandike katika mkataba mambo mawili ambayo hayaongezi gharama kubwa: kelvini zisizozidi 3000, na kofia.